Mahari ya Baiskeli, na Pedeli Iliyong'oka

 

Maswali yanayotufikia zaidi kutoka kwa mabibi harusi ni ya mahari. Niseme nini? Nikitaja dhahabu nitaambiwa nina tamaa? Nikitaja kidogo nitaonekana sina thamani? Wengine wameshajibiwa na mashangazi kabla hawajafungua mdomo: seti ya dhahabu, kitanda, kabati, basi. Leo hatutazungumza habari ya dhahabu. Tutazungumza habari ya baiskeli iliyotolewa mahari, ikaharibika kabla miezi mitatu haijatimia, na maneno yaliyotoka humo. Ndani yake mna somo la pedeli na krenki, na tunaomba mlisome mpaka mwisho hata kama hujawahi kushika spana. Kitu ukikimiliki, inafaa ujue kinavyokaa.

Sisi tunaoandika tuko watatu, tuna kibanda kimoja cha kushona kata ya Somanda, mjini Bariadi. Wawili tumetoka Unguja kwa ndoa, mmoja ni mwenyeji. Kwa wasioijua Bariadi, ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, upande wa kusini mashariki mwa Ziwa Viktoria. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Waislamu hapa si wengi kama kwetu visiwani, lakini harusi zipo, na magauni ya harusi yanataka kushonwa. Tunashona ya nikaha, ya kuingilia ukumbini, na vitambaa vya sare za akina mama.

Na huku baiskeli ni mguu wa mtu. Inabeba maji, mkaa, gunia la mpunga, mgonjwa, mama na mtoto wake. Hata neno bodaboda, ambalo siku hizi tunamaanisha pikipiki, lilianza na baiskeli za kubeba watu mpakani mwa Kenya na Uganda, pale Busia. Ardhi ya Simiyu kwa sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo mtu anaendesha kilomita nyingi bila kushuka kusukuma. Adui ni miiba ya migunga na tope la masika.

Binti yetu aliposema anataka baiskeli

Tulikuwa na binti anajifunza kushona kwetu. Anakaa kijiji cha nje ya mji, na kila siku alikuwa akitembea kwa miguu saa nzima na zaidi kuja kazini, na saa nzima kurudi. Posa ilipokuja akaulizwa mahari. Akasema: msahafu na baiskeli ya kike yenye kikapu mbele.

Baba zake wadogo walicheka. Mmoja akasema baiskeli ni ya mwanamume, mke ataipeleka wapi? Mwingine akasema watu watatuonaje, binti yetu ameolewa kwa baiskeli kama mbuzi aliyebadilishwa. Binti akanyamaza, lakini hakubadilisha neno.

Shekhe aliyekuja kusimamia ndiye aliyewatuliza. Akawakumbusha kwamba mahari ni kitu chochote halali chenye thamani au manufaa, kikubwa au kidogo, alimradi mwenyewe bibi harusi ameridhia. Akawatajia ile hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kumwambia mtu asiye na mali atafute walau pete ya chuma, na alipokosa hata hiyo akaozeshwa kwa Qur'ani aliyokuwa ameihifadhi. Akawatajia na Ummu Sulaym, ambaye mahari yake kwa Abu Talha ilikuwa ni kusilimu kwake Abu Talha. Kama pete ya chuma inatosha, akasema, hapa chuma ni kilo kadhaa na magurudumu juu yake. Watu wakacheka, mambo yakaisha, nikaha ikafungwa, na baiskeli ikaandikwa kwenye karatasi: imetolewa, imepokelewa.

Ilikuwa baiskeli ya mtumba kutoka Japani, zile zenye fremu iliyoshuka katikati ili mwenye gauni apande bila kurusha mguu juu. Ilikuja na taa, kengele, kikapu na kifuniko cha mnyororo. Kwa mwanamke wa buibui ni baiskeli ya kumfaa kweli.

Ta, ta, ta

Karibu na wiki ya kumi ndoa ikiwa changa, binti alikuja kazini akisema mguu wa kushoto unacheza. Kila akikanyaga anasikia ta, ta, ta. Tukamwambia aipitishe kwa fundi. Fundi wa barabarani aliigonga kidogo, akakaza, akamwambia nenda. Siku mbili baadaye pedeli ya kushoto iling'oka yote akiwa njiani, kikapuni amebeba gauni la bibi harusi wa Ijumaa. Alianguka upande, akachunika kiwiko, gauni likapona kwa kuwa lilikuwa ndani ya mifuko miwili. Alhamdulillah. Barabara hiyo inapita malori.

Alipofika tulitazama pamoja. Ule mkono wa chuma unaozunguka, ambao pedeli inafungwa mwishoni mwake, mafundi wanauita krenki. Tundu la krenki ya kushoto lilikuwa na vijipande vinavyong'aa kama unga wa fedha. Meno ya ndani, yale mafundi wanayoita thredi, yalikuwa yamelika karibu yote. Pedeli yenyewe meno yake yalikuwa mazima. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mhimili wa pedeli ni chuma kigumu, na krenki za baiskeli nyingi za aina hii ni za aluminiamu, ambayo ni laini. Kigumu kikilazimishwa ndani ya laini, laini ndiyo inayoliwa.

Mwenzetu mwenyeji, ambaye kaka zake ni watu wa baiskeli tangu utotoni, akageuza pedeli na kusoma mwisho wa mhimili. Pamechongwa herufi R. Akaenda kuitazama ya upande wa kulia. Nayo R. Hapo tukajua.

Kwa nini kushoto si sawa na kulia

Dada zetu, hili ndilo la kujua hata kama baiskeli ni ya mtoto wako. Pedeli mbili za baiskeli hazifanani. Ya kulia ina meno ya kawaida, ya kukaza kwa kufuata mshale wa saa. Ya kushoto ina meno ya kinyume, inakazwa kinyume na mshale wa saa. Mwishoni mwa mhimili huandikwa R ya kulia na L ya kushoto. Kama herufi zimefutika, simamisha mhimili wima mbele ya macho yako utazame mistari: ikipanda kuelekea kulia ni ya kulia, ikipanda kuelekea kushoto ni ya kushoto.

Kwa nini watengenezaji wajisumbue hivyo? Chukua kalamu, ishike kwenye ngumi iliyolegea, kisha zungusha ncha yake kama unayechora duara hewani. Utaona kalamu yenyewe inajiviringisha polepole ndani ya ngumi, kuelekea upande wa kinyume na ule unaouchora. Mhimili wa pedeli unafanya hivyo hivyo ndani ya tundu la krenki kila unapokanyaga. Nguvu ni ndogo kwa kila mzunguko, lakini mizunguko ni maelfu. Meno ya kushoto yakiwa ya kinyume, kule kujiviringisha kunaikaza pedeli badala ya kuifungua. Ukiweka pedeli ya kulia upande wa kushoto, kwanza inaingia kwa nguvu huku inakata meno ya krenki, halafu kila unapokwenda inajifungua yenyewe mpaka ing'oke.

Baiskeli ile ilipouzwa, pedeli yake ya kushoto huenda ilikuwa imevunjika. Aliyeiuza alikuwa na pedeli moja iliyobaki, akaisukumiza kwa spana mpaka ikaingia. Hatumtaji mtu, na hatujui kama alijua alichokuwa akifanya. Lakini lile lilikuwa jambo la kuweza kumuua mtu.

Maneno ya watu na haki ya mwenyewe

Hapo sasa ndipo jambo lilipoacha kuwa la ufundi. Habari ilipofika nyumbani kwa mume, shemeji mkubwa akasema dawa yake rahisi: apelekewe mchomeleaji, pedeli ichomelewe kwenye krenki iwe kitu kimoja. Mwingine akasema iuzwe chuma chakavu, pesa ichanganywe na ya msimu wa pamba, kinunuliwe kitu cha maana cha nyumba. Mume mwenyewe ni kijana mpole, alikuwa katikati, anamtazama kaka yake na anamtazama mkewe.

Binti alikuja kwetu na machozi. Si kwa ajili ya kiwiko. Alisema, "Dada zangu, wanaizungumza kana kwamba ni ya ukoo."

Tukamwambia kile ambacho kila bibi harusi anayesoma hapa anapaswa kukijua kabla ya kuvaa shela. Mahari ni mali ya mke peke yake. Si ya baba yake, si ya mume, si ya wakwe. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, Allah ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na akaweka wazi kwamba mume anaweza kunufaika na kitu katika hayo pale tu mke anapokitoa kwa kupenda nafsi yake. Kupenda nafsi yake, si kwa kununiwa wiki nzima. Kwa hiyo baiskeli nzima ni ya kwake, na baiskeli mbovu ni ya kwake pia. Uamuzi wa kuitengeneza, kuiuza au kuitoa sadaka ni wake.

Tukamwambia pia asiende kupigana. Haki ikisemwa kwa adabu huwa inasikika mbali zaidi. Akarudi nyumbani, akasubiri mume amalize kula, akamwambia: "Mume wangu, ile ni mahari yangu, na naipenda kwa sababu umenipa wewe. Naomba ruhusa niende kwa fundi, na naomba uende na mimi." Alivyotusimulia, mume alicheka, akasema, "Mali ni yako, ruhusa ya nini? Twende." Na kaka yake alipouliza tena, alijibiwa na mume, si na mke. Hivyo ndivyo inavyopendeza.

Njia nne zilizokuwepo

Tulifuatana nao siku ya Jumatano, kwa kuwa na sisi baiskeli ile inatubebea kazi. Fundi tuliyeelekezwa ni mzee wa makamo mwenye mikono myeusi ya grisi. "Mwangaluka mayu," akamwamkia mwenzetu mwenyeji, na baada ya salamu kwisha ndipo akaigeuza baiskeli juu chini. Hakuharakisha. Alitueleza njia zote, moja baada ya nyingine, na sisi tunawaandikia kama tulivyozielewa.

Ya kwanza ni kusafisha meno kwa tepu, ile ncha ya chuma yenye makali inayokata thredi ndani ya tundu. Inafaa kama meno yamepinda tu na mengi bado yapo. Pedeli za baiskeli kubwa nyingi ni za kipimo cha inchi 9/16, meno 20 kwa kila inchi moja. Baiskeli za watoto zenye krenki ya kipande kimoja huwa za nusu inchi. Lakini kwa upande wa kushoto inatakiwa tepu ya kushoto. Ukipitisha ya kulia unamaliza hata kidogo kilichobaki. Na la kwetu halikuwa na meno ya kusafisha.

Ya pili ni ile ya shemeji, kuchomelea. Fundi alitikisa kichwa. Krenki ya zamani ya chuma inaweza kujazwa kwa kuchomelewa kisha itobolewe na kukatwa meno upya. Ila hii ni aluminiamu na mhimili ni chuma, na fimbo za kawaida za kuchomelea haziunganishi hivyo viwili. Vitashikana juu juu kama gundi ya unga, na vitaachia siku umebeba mzigo. Na hata ingeshika, pedeli ikivunjika siku nyingine huwezi kuibadilisha tena.

Ya tatu ni kubadilisha krenki ya kushoto peke yake. Hii ndiyo nyepesi pale kifaa kinapopatikana, kwa sababu huna haja ya kugusa ya kulia yenye meno ya mnyororo. Masharti ni mawili. Tundu linalokaa kwenye ekseli ya katikati lifanane, na urefu wa krenki ulingane na wa upande wa pili, la sivyo miguu inakwenda juu na chini na magoti yanauma. Urefu huwa umechongwa nyuma ya krenki kwa milimita, kama 165 au 170. Shida ni kwamba krenki zilizojaa madukani hapa ni zile za baiskeli ngumu za Phoenix na Avon, zinazofungwa kwa pini ya pembeni. Ya kwetu inakaa kwenye ekseli yenye ncha ya mraba na kufungwa kwa nati. Tulizunguka maduka ya sokoni asubuhi nzima, hatukuipata.

Ya nne ni kutia bushi. Tundu lililolika linapanuliwa mpaka limalize meno mabovu yote, linakatwa meno mapya makubwa zaidi, kisha bomba dogo la chuma linafungwa ndani yake. Nje bomba lina meno ya kushika krenki, ndani lina meno ya kipimo cha pedeli, ya kushoto. Kwa nchi zenye maduka ya vifaa, bushi hizi huuzwa zikiwa tayari na tepu zake. Kwetu inachongwa na fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma.

Ipo na ya tano, ambayo mzee aliitaja ili aikataze: kuzungushia mhimili kipande cha kopo la soda au uzi wa mpira, kisha kugonga kwa nyundo. Inashika mpaka umfike mbali na nyumbani, alisema, halafu ndiyo inakuacha.

Akatugeukia, akamwuliza mume, "Tufanyeje?" Mume akasema, "Muulize mwenye baiskeli." Binti akasema bushi.

Kazi yenyewe

Kwanza alifungua nati ya krenki, akaweka kifaa cha kuivutia, kwa sababu krenki ya mraba ukiipiga nyundo unaharibu na ekseli. Ikatoka kwa upole. Akaipeleka kwa mkerezaji wa vyuma, na sisi tukaenda naye.

Mkerezaji aliifunga krenki imara, akahakikisha tundu limesimama sawasawa. Hili alilirudia mara tatu kwa kipimo chake, akatueleza kuwa tundu likiinama hata kidogo, pedeli nayo itainama na kifundo cha mguu kitaumia kila siku. Mshonaji yeyote analielewa hilo. Ukikata kwapa la gauni upande mmoja limeenda kombo, hakuna urembo utakaoliokoa.

Akapanua tundu, akakata meno ya nje. Kisha akachukua kipande cha chuma, akakikereza bushi. Akaiachia ukingo mdogo upande unaotazama fremu, ili pedeli ikikazwa kutoka nje iivute bushi ikae zaidi badala ya kuitoa. Meno ya ndani aliyakata taratibu, pasi baada ya pasi, ya kushoto, huku akijaribu kwa pedeli mpya tuliyonunua yenye herufi L. Tulinunua jozi nzima, R na L, ili zifanane.

Bushi na tundu vikaoshwa kwa petroli mpaka hapana mafuta, kikapakwa gundi ya chuma ile ya mirija miwili inayochanganywa, bushi ikafungwa, krenki ikalazwa usiku kucha. Mume alitaka ifungwe jioni ile ile. Mzee akakataa. Gundi isipokauka, alisema, kazi yote ni bure.

Siku ya pili krenki ikarudi kwenye ekseli, nati ikakazwa. Kisha mzee akampa binti pedeli mkononi, akamwambia afunge mwenyewe. Akapaka grisi kwenye meno, ili siku ya kufungua isiwe imeganda. Akaanza kwa vidole, bila spana, mizunguko mitatu minne. Pedeli inayokataa vidole imekaa vibaya. Itoe uanze tena, usiilazimishe. Ilipoingia laini ndipo akachukua spana ya 15. Mzee akamfundisha njia ya kukumbuka bila kuwaza saa: pande zote mbili, spana ikiwa juu, ukisukuma kuelekea mbele ya baiskeli unafunga, ukivuta kuelekea nyuma unafungua.

Gharama yote, bushi, pedeli jozi na mikono ya mafundi wawili, ilikuwa kama bei ya satini ya kutosha gauni moja la msimamizi. Mume alitaka kulipa yote. Binti akakubali alipe nusu, nusu akatoa mwenyewe katika ujira wake. Akatuambia baadaye, hakutaka pasemwe tena kwamba baiskeli imeokolewa na ukoo.

Mambo ya kushika kwa anayeendesha

Baada ya siku ya kwanza ya kuendesha, kaza tena pedeli na nati ya krenki. Halafu angalia kila wiki. Ukisikia ta, ta, ta, au ukiona pedeli imelala upande, shuka uitazame hapo hapo. Meno hayaliki kwa siku moja. Yanalika kwa kuendeshwa yakiwa yamelegea.

Ukinunua baiskeli ya mtumba, soma herufi za pedeli zote mbili kabla hujatoa pesa. Ni dakika moja tu.

Kuhusu vazi, kwa kuwa tunaulizwa: gauni la kuendeshea liwe pana chini kama mwavuli, lenye kipande cha pembetatu kilichoongezwa pembeni, na ndani suruali pana yenye mpira kifundoni. Buibui la mbele wazi lifungwe vifungo mpaka chini ya goti. Mtandio ubanwe kwa pini mbili, moja begani. Na kifuniko cha mnyororo usikubali kitolewe. Ndicho kinachokuokoa usivutwe nguo. Wapo wanaosema mwanamke wa Kiislamu hapandi. Katika Bukhari na Muslim Mtume, rehema na amani zimshukie, amewasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ndio bora ya wanawake waliopanda ngamia. Sitara ndiyo inayotakiwa, na kipando ni kipando.

Kwa mabibi harusi

Taja mahari ambayo utaitumia. Dhahabu ni nzuri na hatumkatazi mtu, lakini cherehani, baiskeli, kiwanja, ada ya kozi, hivyo navyo ni mahari, na vingine vinazaa. Mama yetu Zaynab bint Jahsh, Allah amridhie, alikuwa mke wa Mtume na alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akisindika ngozi na kuzishona, na akitoa sadaka katika hicho alichochuma. Chombo cha kazi mikononi mwa mke si aibu kwa mume.

Kikaguliwe kabla hakijatolewa, kama unavyokagua gauni kabla ya kumalizia malipo. Kiandikwe kwenye karatasi ya nikaha kwa jina na sifa yake. Risiti ikiwepo iwe kwa jina lako. Huko si kutomwamini mtu. Allah mwenyewe katika Surat Al-Baqarah ameamrisha deni liandikwe, na katika sura hiyo hiyo aya ya 237 ameeleza mpaka hukumu ya mahari pale talaka inapotokea kabla ya wawili kukutana. Dini yetu haikuona haya kuyaweka mambo haya wazi, na sisi tusione haya.

Na ewe mama mkwe, shemeji, wifi unayesoma hapa: mali ya mke wa kijana wenu ni amana machoni penu. Kama ina kasoro, saidieni itengenezwe. Msiitafutie mnunuzi.

Ya Allah, wabariki maharusi wetu, wape mapenzi na huruma baina yao, wape riziki ya halali na mikono yenye kuifanyia kazi, wakinge na ajali za njiani, na uwape wanawake wetu haki zao bila ya kugombana. Amin.

Aliye na swali la mahari au la mshono atuandikie, tutamjibu in shaa Allah. Wiki ijayo tunawaletea vipimo vya gauni la nikaha kwa bibi harusi mwenye mwili mkubwa, na namna ya kuweka bitana isijikunje. Maasalaam.